Futi Yangu Inajua

Kibanda changu kimebanwa na mabweni mawili,
kulia wanamaji, kushoto nchi kavu,
na nyuma, kwenye mahema, wageni wa zoezi.
Mimi Mwanasiti binti Kopwe, wa Makorora,
nina cherehani ya miguu, pasi ya mkaa,
na daftari la madeni lisilojua cheo.

Nawajua kwa uchafu wao.
Gwanda la nchi kavu laja na udongo wa Pongwe
umekaza magotini kama ukoko.
Shati la mwanamaji jeupe, jeupe la majivuno,
ila kola! Kola haidanganyi.
Koplo Haulle husahau maganda ya machungwa mfukoni.
Baharia Mwinyikai huleta soksi moja moja;
ya pili, asema, iko melini.
Meli gani? Tangu Machi sijaiona.

Bomba ni moja.
Saa kumi na moja majini, kumi na mbili kavu,
ndivyo alivyoandika afande kwa chokaa.
Lakini alfajiri mbichi ndoo zimekwisha jipanga,
na ndoo haipigi saluti.
Kijiko cha mesi kikipotea, wamekiiba wale.
Wali ukiungua, mpishi ni wa wale.
Umeme ukikatika Tanga nzima,
bado ni wale.

Ukutani mwa bafu mtu akaandika kwa mkaa
(mkaa wangu, niliona ulivyopungua):

*Askari wa nchi kavu, hata ndoo huogopa,*
*Buti lake lina kuvu, maji hayajui kwapa.*

Siku ya pili ukuta ukajibu, mwandiko wa kuinama:

*Mwanamaji wa bandari, meli yenyewe i wapi?*
*Waisifia bahari, na kamba yako ni fupi.*

Hapo ndipo lilipozuka neno la kamba.

Sajini Phiri, mgeni wa ng'ambo ya ziwa,
alikuwa akila na hawa, akicheka na wale,
mpaka usiku mmoja ulimi ukamponyoka: "Ziwa Malawi."
Kavu na majini wakainuka pamoja,
wakasema kwa koo moja: "Nyasa!"
Undugu ule ulidumu mpaka chai ilipoletwa,
vikombe vikawa pungufu viwili.

Basi Jumapili wakamfanya Phiri mwamuzi.
Kamba ya katani, nene kama mkono wa mtoto,
iliyosokotwa enzi baba yangu akikata mkonge.
Kumi na saba huku, kumi na saba kule.
Filimbi.
Haulle alichimba visigino mpaka kaa wakahama.
Mwinyikai alitaja mama za watu.
Kamba ikanyamaza, ikanyamaza,
halafu ikalia kama mlango mkongwe,
ikakatika katikati,
au karibu na katikati,
na wanaume thelathini na wanne
wakaikalia nchi kwa kishindo kimoja.

Jumatatu foleni yangu haikuwa na kulia wala kushoto.
Walikuja wakitembea kinyumenyume, kofia zimefunika matako,
hakuna aliyemtazama mwenziwe.
Suruali thelathini na nne,
zote zimepasuka pale pale, mshono wa kati.
Nikashona kwa uzi mmoja. Bei moja.

Zoezi limekwisha. Mahema yamekunjwa,
Phiri kaondoka na deni la pasi, kaniachia kofia.
Vipande viwili vya kamba nimevitwaa mimi,
naanikia hapa, gwanda kwa hiki, shati jeupe kwa kile.
Na kila apitaye huchelewesha hatua,
hukohoa, huuliza kwa sauti ya wizi:
"Dada Mwanasiti, kirefu ni cha upande upi?"

Haulle kaleta kapu la machungwa ya Muheza.
Mwinyikai kaleta pweza mkavu, kamfunga gazetini.
Nami nimevipima, usiku, mlango umekomewa,
nikavipima tena kwa futi ile ile ya kiunoni mwao.
Tofauti ni shibiri moja na nyanda mbili.

Machungwa nimekula.
Pweza nimempika na nazi.
Daftarini deni la kila mmoja liko pale pale.