Konde, Tarehe Thelathini

Gari hii zamani ilisambaza mikate.
Nimeng'oa rafu, nimetia godoro la futi tatu,
betri mbili, paneli ya jua juu ya paa,
meza ya kukunja kwa bawaba za kabati la marehemu shangazi;
na bado, nikifunga mlango kwenye joto la mchana,
mbao zinatoa harufu ya boflo.

Wete wananiuliza: Mize, kwenu kuna nyumba,
unalalia nini garini?
Nyumba ina ndugu saba na televisheni moja isiyozimwa.
Na mtandao hufika dirishani kwa mama
ukaishia hapo, kama mgeni mwenye haya.

Basi kisiwa nimekisoma kwa vijiti vya simu.
Mtambwe viwili, mpaka saa nne asubuhi.
Kiuyu hakuna; Kiuyu nalala tu.
Konde, juu ya kilima, kabla ya kona,
vinne vimesimama wima
kama wana chuo mbele ya mwalimu.

Kazi yangu ni hesabu za watu nisiowajua:
duka la vyuma Dar es Salaam,
misumari, mabati, rangi,
nani kalipa, nani anadaiwa.
Sheria nimezibandika kwa plasta mbele ya usukani:
Usifungue kompyuta kitandani.
Chai moja kabla ya adhuhuri, si tatu.
Vaa viatu. Aliyevaa viatu yuko kazini.

Tarehe thelathini nimefika Konde mapema
nikakuta majamvi.
Pembezoni mwa lami kote karafuu,
na Bikombo Faki amekaa juu ya ndoo.
"Hapa nnaanika," kasema.
"Hapa nnafanya kazi," nikasema.
Akatazama gari. Akatazama viatu vyangu.
"Kazi gani hiyo ya kukaa?"
Nikaitazama ndoo yake, nikanyamaza.

Tukagawana: yeye jua,
mie kile kipitacho juu ya jua.
Kivuli cha gari kisiguse majamvi, ndiyo sharti lake,
na kivuli hakitulii,
basi kila saa nawasha injini, nasogea
nusu mita, nusu mita,
na kompyuta mapajani.
Safu ya mapato imegoma kulingana na safu ya matumizi.
Shilingi elfu arubaini na mbili
zimepotea baina ya misumari na rangi.

Saa tisa, kikao. Bwana Lyatuu kwenye kioo,
na tai yake, na feni yake nyuma,
anauliza habari za robo mwaka.
Nikasikia tone juu ya bati.
La pili.
"Bi Mize, tuko pamoja?"

Hatukuwa pamoja. Nilikuwa nje nakunja majamvi,
nabeba, namimina karafuu juu ya godoro,
juu ya mto, ndani ya droo ya kalamu,
na Bikombo anapiga ukelele:
"Unazikanyaga! Vua viatu!"
Nikavua.

Mvua ikapiga, ikaondoka bila ya kuaga.
Tumekaa ukingoni mwa mlango, chai ya tatu ya siku ile
kwenye kifuniko cha chupa, tunapokezana.
"Leo umepata ngapi?" kaniuliza.
Yeye anahesabu kwa pishi.
Nikatafuta kipimo cha kumjibia, sikukiona.
"Bado," nikasema.
"Hata mie," kasema, akaanza kuzoa.

Usiku, miguu mitupu, juu ya kitanda,
nikaziona zile elfu arubaini na mbili:
rangi ya kijani, makopo matatu,
imeandikwa mara mbili, na mie mwenyewe.
Nikatuma saa tano na dakika hamsini.
Jibu la Bwana Lyatuu mstari mmoja tu:
*Zile zilikuwa karafuu? Kilo bei gani?*

Harufu ya boflo sasa siisikii.
Na kitufe cha sufuri hakizami vizuri,
kuna kikonyo kimenasa chini yake.
Nikitaka kuandika elfu nabonyeza kwa nguvu, mara tatu,
na kidole kinanukia mpaka kwenye wali.