Besi Tatu kwa Onserio

Luthuli, ghorofa ya pili, mlango wa nne baada ya wauza rimoti,
Onserio ametundika besi tatu ukutani
kama mashati ya dobi yaliyosahauliwa na wenyewe.
Nilimweleza kwa simu: sikio la kushoto limekufa,
miaka kumi na tisa nimesimama upande huo wa spika.
Akasema, lete la kulia. Lete na vidole.

Ya kwanza ni nyekundu, pikapu yake moja.
Si pikapu ya kubebea sukuma wiki kutoka Marikiti;
hii ni sumaku na waya mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
mizunguko elfu kadhaa, aliyeihesabu ni nani?
Nagusa uzi mnene.
Unalia kama mlango wa mninga
unaofungwa na mtu mwenye adabu.
Ila chini yake kuna mvumo:
taa ya mrija ya jirani, chaja za simu arubaini,
mashine ya kuchomelea huko barabarani.
Yote inayasikia, yote inayasema.
Debe tupu haliachi kuvuma, namtania Onserio.
"Hili si tupu," anajibu. "Hili lina umbea."

Ya pili ina koili mbili zilizopeana mgongo,
kelele ya hii inaifuta kelele ya ile.
Kimya. Kisha noti, nene, ugali wa mtama,
inashika tumbo kabla haijafika sikioni.
Chupa ya soda kwenye rafu inatetemeka
kila nikifika La. La tu. Nyingine inazipuuza.
Nzuri. Nzuri mno. Lakini ukienda mbio
maneno yanagandana, hujui
imesema njoo au imesema ngoja.

Ya tatu inakula betri.
Kila kucha, kila jasho la kidole lasikika:
sinia jipya, mhasibu akisoma hesabu zilizo sawa.
Kijana wa kwaya angeiuzia pikipiki.
Mimi naona haya,
kama niliyepigwa picha kabla ya kunawa uso.

Basi nafanya nifanyavyo siku hizi:
naweka taya juu ya pembe ya gitaa,
meno yaguse mbao,
sauti iingie kwa mfupa, kwa mlango wa nyuma,
hadi kwenye lile sikio la marehemu.
Wateja wa rimoti wanachungulia. Wacha wachungulie.

Onserio ananitazama kitambo,
anafungua kopo la biskuti, anafukua skrubu,
anatoa pikapu nyeusi yenye tone la nta ya bluu.
Naijua nta hiyo. Niliidondosha mwenyewe
usiku stima zilipopotea Kaloleni, nikisaka waya uliokatika.
Ni ya besi niliyoiuza wiki aliyozaliwa Kwamboka,
pale Pumwani, bili kwanza, mtoto baadaye.
Miaka ishirini na mitatu nawaambia vijana
hakuna besi iliyowahi kulia kama ile.

Anachoma lehemu. Moshi unatukohoza sote wawili.
Anaifunga kwenye ile nyekundu
kisha anageukia dirisha, kwa heshima.

Nacheza.

Ni ndogo.
Sauti ya wastani, kavu kidogo juu,
haina mkia.
Narudia kwa taya, kwa meno. Ndogo vile vile.
Kumbe ile kubwa sikuiuza;
nimekuwa nikiipandisha mwenyewe, kila mwaka kidogo,
bila amplifaya.

"Vipi?" anauliza, bado yu dirishani.
"Rudisha yake. Naichukua yenye umbea."
Nalipa nusu; Jumamosi kuna harusi Umoja.

Nimeshafika ngazi ya chini, besi mgongoni,
napanda tena.
"Nipe na ile ya nta."
"Ya nini, na umesema ni ndogo?"
"Nataka kumwonyesha Kwamboka
kwamba nilipata faida."

Anaifuta kwa shati lake.
"Mia mbili," anasema.