Ukucha wa Gumba

Kucha zangu hazikui.
Miaka kumi na tisa kiwanda cha kuku, ng'ambo ya Mto Green,
maji ya barafu, klorini, glovu zinazovuja;
zikifika urefu wa punje ya mchele
zinameguka zenyewe, bila ugomvi.
Na nyuzi za chuma hazijui kuomba radhi.
Wimbo mmoja tu, ncha za vidole zinawaka
kana kwamba nimeepua sufuria bila kitambaa.

Roscoe wa duka la rehani akanifungulia mkebe wa tumbaku.
Ndani, kucha tatu za bati, kila moja na mabawa mawili
ya kukumbatia kidole.
Nikazivaa juu ya kucha zangu, kama bibi harusi.
Akacheka hadi akakohoa.
"Geuza, Delphia. Bati likae upande wa nyama.
Hujipambi, unavaa zana."

Wiki ya kwanza ilikuwa kwaru kwaru.
Mbwa alihamia barazani.
Emmett akauliza kama nanoa visu.
Cha shahada kilizama mno, cha kati kilipita hewani,
na cha pete kikanasa kwenye uzi,
bati likaruka, likapotea.
Jumanne Emmett alilipata
kwa jino, ndani ya maharagwe.

Nikajifunza kuyakunja mabawa kwa koleo, polepole,
yasibane, yasilegee,
na kuinua ncha kidogo ifuate mviringo wa kidole.
Sauti ikaanza kung'aa.
Lakini juu kwa juu tu. Vijembe bila kisa.
Kisa kiko kwa gumba:
ndilo linalotembea, besi, besi,
kama mtu anayepanda ngazi na gunia la makaa.

Za dukani zote zilinibana, gumba likawa zambarau.
Nikafungua sanduku la gitaa la Wendell,
lililokaa chini ya kitanda tangu Machi,
tangu mapafu yake yalipokataa.
Ukucha wake ulikuwa pale, wa plastiki,
wa manjano kama jino la mvutaji.
Nikauvaa. Ukazunguka.
Gumba la kaka yangu lilibanwa na toroli la mgodini
akiwa na miaka ishirini na miwili; likapona likiwa pana.

"Chemsha maji," akasema Roscoe. "Hesabu kumi,
uvae ungali moto, ubonyeze, kisha maji baridi.
Utashika umbo lako."

Maji yakatokota.
Nikaushika kwa kibanio juu ya mvuke, nikatazama
ule mwanya katikati,
kipimo kamili cha kidole ambacho hakipo.
Moja. Mbili.
Nikazima jiko.

Kwenye mkoba wa kazini nina plasta za kiwanda,
za buluu, ili zionekane zikidondokea kwenye nyama.
Nikaviringisha gumba langu raundi mbili.
Haikutosha. Tatu.

Sasa napiga hivyo, jikoni, baada ya zamu,
kidole kinene cha buluu, bati tatu zikimeta.
Mbwa amerudi ndani.
Kila besi ya nne ukucha unateleza kidogo,
unachelewa nusu ya pumzi.
Na yeye ulimteleza papo hapo.
Nilimsikia kupitia ukutani utoto wetu wote
nikidhani ndio mtindo wake.