Sketi kwa Maji ya Februari

Kiwandani nilishona vidole vya soksi
miaka ishirini na sita, jozi kwa jozi,
hadi mashine zikapakiwa kwenye malori
na mji wetu ukabaki miguu mitupu.
Sasa nawashonea samaki sketi.
Cheka tu. Mume wangu Orville alicheka
hadi alipoona bili ya umeme imelipwa.

Meza ni ileile ya jikoni, jiriwa imeuma ukingo wake,
waya wa shaba, mkasi, vichwa vya risasi
nilivyovipaka rangi juzi na bado vinanuka.

Silikoni hii hapa, vitita kwa vitita:
kijani cha boga, zambarau ya jeraha linalopona,
nyeusi na buluu kwa maji ya tope,
nyingine zina vimetameta kama kucha za bibi harusi.
Haiozi, haigandani, haina ugomvi na jua.
Isahau sandukuni Julai,
Oktoba utaikuta kama ulivyoiacha.
Wateja wengi huishia hapo. Macho yao ndiyo yanayonunua;
samaki hajaulizwa.

Mpira una tabia.
Mchana mmoja tu wa joto kwenye dashibodi
na nyuzi zinakumbatiana, zinakuwa donge,
lami inayonata kwenye kila ulichokipenda.
Rangi zake chache, zimepauka kama nguo za kazini.

Na nywele za mkia wa kulungu: hizo huniletea
mpwa wangu Tolliver kila Novemba,
zina chumvi, zina damu kidogo.
Nazichambua unywele kwa unywele,
jigi moja inanila jioni nzima.
Siziuzi kwa kila mtu.

Jana alikuja Delbert Crume.
Ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu ya pili,
mwenye saa kubwa na kalamu nyekundu,
aliyehesabu mara ngapi nakwenda msalani.
Ndiye aliyesoma majina siku ile ya mwisho;
langu akalikosea.
Alivua kofia. Akashika silikoni ya vimetameta,
akaigeuzageuza kwenye taa, akasema,
"Nipe kumi na mbili. Jumamosi niko Guntersville."

Ningemuuzia. Pesa ni pesa,
na mtu akienda kupigwa baridi bure siku nzima
si mimi niliyemtuma.
Mkono wangu ulishafika kwenye mfuko wa karatasi.

Lakini nina chupa ya achari pale dirishani,
maji yake yamelala nje usiku kucha.
Nikavunja barafu kwa kijiko.
Nikatumbukiza silikoni: ikakaa kakamavu
kama ufagio uliosahauliwa stoo.
Nikatumbukiza mpira. Ukashuka, ukagusa kitako cha chupa,
halafu polepole, bila mtu kuushika,
ukafunguka; uzi huu, kisha ule,
kama kamba wa mtoni anayenyoosha miguu
akidhani hatazamwi.

Delbert aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kioo.
Nilimhesabia. Sekunde arobaini hivi, bila saa.
"Unapumua," akasema.
Nikamwambia: besi wa Februari yuko chini kabisa,
mdomo mpana, damu nzito, hafukuzi kitu.
Anataka kitu kinachositasita mbele yake.
Vimetameta mwachie Juni.

Akachukua sita za mpira, za kahawia.
Akauliza bei ya ile ya nywele za kulungu
iliyoning'inia peke yake kwenye msumari.
Nikasema hiyo sijamaliza kuipunguza.
Nilishamaliza tangu Jumapili.

Kwenye ngazi akageuka, akaniaga kwa jina,
bado amelikosea.
Nikapiga kelele: "Usiziweke kwenye dashibodi!"
Gari lake lilishawaka. Sijui kama alisikia.