Dirisha la Upande wa Kushoto

Dirisha letu ni moja, liko kushoto,
pale Gethin alipokata chuma kwa msumeno
kabla ya kufikiri.
Kwa hiyo tukipanda mfereji tunauza chapati,
tukishuka, wateja wetu ni bata,
na bata hawana senti.

Mashua ya futi hamsini na saba
haigeuki popote inapotaka.
Pamechimbwa mahali pa kugeuzia, maili nne mbele,
na maili nne kwetu ni asubuhi nzima.
Jana bibi mwenye kigari cha mboga alitupita,
akatupungia mkono,
akatupita tena akirudi.

Chapati zetu ni za unga wa oti, za huku Staffordshire,
laini kama kitambaa kilichofuliwa mara mia.
Jibini ndani, bekoni kwa anayeila,
uyoga kwa asiyeila.
Rojo nalikoroga saa kumi alfajiri
miguu ya Gethin ikiwa bado karibu na jiko,
maana nyumba ni duka na duka ni kitanda,
na shuka zetu hunuka kitunguu hata Jumapili.
Boti ya watalii ikipita kwa kasi
bamba huinama, rojo huhamia upande,
chapati hutoka nene huku, nyembamba kule.
Hizo twala wenyewe.
Gethin anasema nami nimeanza kunenepa upande mmoja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
sisi mfereji hutupa siku kumi na nne,
ya kumi na tano hutupa kamba.
Ndiyo sheria kwa asiye na gati lake.
Ukishajua nani anataka pilipili,
nani anadai chenji ya jana,
nani hataki kitunguu tangu mkewe afe,
unang'oa vigingi.

Bwana Bagnall alituanza Weston, kwa miguu, na mbwa.
Sandon alikuja kwa baiskeli, mbwa kikapuni.
Stone alikuja kwa basi
na sahani yake mwenyewe, ameifunga kwa taulo;
karatasi, anasema, huiba moto.
Barlaston hakuja.
Sikusema kitu. Gethin akasugua bamba
lililokwisha kusuguliwa.
Kila kengele ya baiskeli ilipolia chini ya daraja
nilitoa kichwa dirishani
nikamuuzia mtu mwingine.

Januari maji yakaganda tukiwa Etruria.
Siku ya kumi na nne ikapita, ya kumi na tano,
ya ishirini, wala hakuna aliyekuja kutufukuza:
barafu ndiyo kibali.
Makaa yakabaki nusu gunia.
Tulipika tukala, tukapika tukala,
kama watu waliofungua mgahawa
ili wapate pa kula.

Siku ya ishirini na mbili gari likasimama darajani.
Binti ndiye aliyeendesha. Bwana Bagnall akashuka
hatua moja, akapumzika, hatua ya pili,
fimbo mkono huu, sahani kwapani.
Mbwa hakuwepo.

Nikamhadithia yote huku naigeuza:
bomba lilivyopasuka usiku wa manane,
bata aliyeganda miguu katikati ya mfereji
akakaa kimya kama anayesubiri zamu yake,
Gethin akamwendea kwa tumbo juu ya barafu
akamkomboa kwa birika la chai,
chai yenye maziwa.

Akatafuna. Akautazama mfereji mweupe.
"Umetia chumvi," akasema,
nami hadi leo sijui
kama alisema habari ya chapati
au habari ya bata.

Ya mbwa sikumwuliza.
Nikamwekea ya pili kwenye sahani,
na ya tatu nikaikunja kwenye karatasi,
ya kupeleka nyumbani,
bila kitunguu.