Usikoroge

Majani ya mateke kwetu ni ya nguruwe.
Nilimwambia hivyo mara mbili, kwa mdomo na kwa mikono,
Nenita Balderama, fundi wa mashine za kupiga picha mifupa,
mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, hapa Kyeshero.
Akacheka. Akaendelea kuyaanika juu ya ukuta,
ule wa mawe meusi
tuliyoletewa na mlima bila kuagiza.

Siku tatu, yakajikunja kama barua za zamani.
Kahindo akachungulia kutoka ng'ambo ya ua:
"Huyo mgeni wako anavuta tumbaku?"

Nazi huku haioti. Ile ilikuja katika kopo,
ilipanda lori, ikavuka mipaka miwili,
ikafika Birere na bei ya kuku.
Alinunua moja tu. Pengo akaliziba kwa maziwa ya karanga.
Uduvi wa kwao, uliosagwa na chumvi hadi ukanuka vizuri,
huo hakuupata kabisa;
nikampa sambaza wakavu wa Kituku.
Akanusa. "Si wenyewe," akasema, "lakini ni ndugu."

Pilipili hatukupungukiwa.
Alihesabu kumi na saba,
nikadhani anahesabu za wiki.

Kisha ikaja sheria: usikoroge.
Ukikoroga kabla tui halijakauka majani yanakasirika,
yanakuwasha koo mpaka kesho kutwa.
Mimi! Mimi niliyelelewa na mwiko!
Bugali hausongwi kwa kutazamwa.
Sombe hutwangwa, hugeuzwa, hukeshewa
kama mtoto mwenye homa.
Nilikalia mikono yangu.

Makala yakapumua. Sufuria ikawa inasema pole pole, pwo, pwo.
Akaniambia kwao Albay pia kuna mlima,
umechongoka kama pia iliyopinduliwa,
nao hutema moto,
na watu hulima miguuni pake kwa sababu jivu linazaa.
"Wa mbali husema hatuna akili."
Nikamjibu, sisi pia tunaambiwa,
kila tunaporudi na godoro juu ya chukudu
kuangalia kama mlango bado ni mlango.
Hatukugeuka kuutazama mlima.
Tulitazama sufuria.

Jioni Kahindo akaja "kuonja tu",
na sahani ya bati, na watoto wanne.
Baba Shukuru akatangulia, mkono mmoja kooni,
kama anayetaka kulikamata shetani likipita.
Tukamngoja.
Akatafuna. Akatazama juu. Kope zake zikatoa jasho.
"Inawasha?"
"Inawasha."
"Majani?"
"Pilipili," akasema, akasogeza sahani mbele tena.

Nitasemaje ladha yake?
Ni sombe iliyoolewa mbali
ikarudi kusalimia na lafudhi nyingine,
imenenepa kidogo, imejifunza ukali,
lakini mguu wake mlangoni unautambua.

Yeye alikuwa amejipikia wali.
Akauacha. Akakata tonge la bugali letu, akalibonyeza kwa kidole gumba
kama nilivyomfundisha, akachota.
Akafumba macho, akatoa neno moja: masiram.
Hakutufasiria, na hakuna aliyeuliza.

Mashine ya hospitali ilipona mwezi wa sita, naye akaondoka.
Chumba cha nyuma kina mpangaji mwingine, anakula mikate na chai,
anakula peke yake, mlango umefungwa.
Watoto wa Kahindo wanasema masiram
hata kwa muhindi wa kuchoma, hata kwa dawa ya kikohozi.
Nami, mvua ikikatika,
naanika majani juu ya mawe meusi,
nautia mwiko kabatini nisije nikajaribiwa.

Nguruwe wangu siku hizi ananitazama
kama mtu aliyeibiwa.