Koo la Kukodi

Nakodisha koo. Elfu ishirini kwa siku, mafuta juu yako.
Spika mbili za bati, kamba ya katani, bajaji ya Chilongani,
na Kibaigwa yote inanijua kabla sijakata kona.

Jumatatu nilitangaza lami, kabla ya mvua.
Jumanne, kwa wale wengine: lami hiyo ni ya mdomoni.
Pumzi ileile. Nilikula pilau ya wote wawili.

Baba naye alikuwa mpiga mbiu, enzi za debe.
Hakulipwa. Alipewa karatasi yenye mhuri
akaisoma hivyohivyo, hata palipokosewa.
Siku iliposema mavuno yamefurika maghala
sisi nyumbani tulikuwa tunakunywa mlenda mtupu.
Watu walipiga makofi. Mgambo alihesabu mikono.

Siku hizi hakuna wa kuhesabu mikono.
Zinahesabiwa fulana, kofia, khanga zinazochuja kwenye beseni la kwanza,
na mwenye njaa anaruhusiwa kulalamika
kwa kipaza sauti, akilipia.
Msinisikie vibaya. Tofauti ipo:
baba hakuwa na Jumanne.

Uchaguzi ukapita. Akaja Bi Mbeleje wa zahanati,
daftari kwapani, hela hana.
Tangaza, akasema, mahindi yaliyolowa yameota ukungu,
yana sumukuvu, yasisagwe, watoto wasipewe uji wake.

Nikatangaza bure. Nikazunguka soko la mahindi,
mashine za kusaga, nyuma ya msikiti, hadi barabara kuu
malori yanapopumzika.
Wakacheka. *Leo umetumwa na nani?*
*Walanguzi hao, wanataka bei ishuke.*
Kijana mmoja juu ya magunia akanijibu
kwa kibwagizo changu mwenyewe cha Jumatatu,
sauti yangu kabisa, hadi kikohozi.
Nikapaza. Kadiri nilivyopaza
ndivyo nilivyozidi kufanana na kampeni.

Nyemo wa Ndahani, miaka minne.
Macho yalianza kuwa ya njano siku ya Alhamisi,
njano ya alizeti, mama yake alisema,
akidhani ni vumbi.

Jumapili Ndahani alikuja na noti zilizokunjwa.
Nilizikataa, akaziweka kwenye kiti cha bajaji.
Nikapita mtaa kwa mtaa, polepole, bila muziki.
Tangazo lile hakuna aliyeniuliza nimetumwa na nani.
Walikuja wote,
mapema,
na viti vyao.